Nambari ya tarakimu 21 iliyoficha siri yake kwa miaka 259

*Kujua kwamba nambari yavunjika ni elimu moja, na kuvijua vipande vyake ni elimu nyingine. Katika mwanya uliopo baina ya elimu hizo mbili ndimo zilimowekwa leo siri za mabenki, za hospitali na za serikali.*

Siku ya Jumamosi, tarehe 31 Oktoba 1903, Jumuiya ya Wanahisabati wa Marekani ilifanya mkutano wake mjini New York, na miongoni mwa waliotazamiwa kusoma makala zao alikuwamo Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia na katibu wa Jumuiya hiyo, ambaye anwani ya makala yake haikuahidi ajabu yoyote: ilihusu namna ya kuzichambua nambari kubwa katika vigawo vyake.

Mwanahisabati Eric Temple Bell amesimulia kwamba Cole, alipoitwa jina, aliinuka akaenda ubaoni pasipo kutamka neno, akaanza kuizidisha 2 kwa 2, na zao lake kwa 2 tena, hata akakifikia kipeo cha 67, kisha akatoa 1 kwa uangalifu. Akahamia upande wa ubao uliokuwa mtupu, akaandika nambari mbili nyingine, akazizidisha kwa mkono, mstari chini ya mstari, kama afanyavyo mtoto wa skuli. Majibu ya pande mbili yakawa sawasawa. Akarejea kitini kwake kimya vilevile, na waliohudhuria wakampigia makofi ya nguvu.

Bell alipenda kuzipamba hadithi zake, na wanahistoria huyapokea masimulizi yake kwa hadhari. Walakini makala ya Cole yalichapwa katika jarida la Jumuiya, na jambo alilolidhihirisha halimhitaji shahidi, kwa sababu kila mwenye karatasi, kalamu na subira aweza kulihakiki mwenyewe:

193,707,721 × 761,838,257,287 = 147,573,952,589,676,412,927

Asiye na wasaa wa kuzidisha aweza kuanza na mizani ya tisa, waliyoitumia wanahesabu wa Kiarabu tangu kale. Zijumlishe tarakimu za ile nambari kubwa, utapata 109. Zijumlishe za 109, utapata 10. Na za 10, utapata 1. Kigawo cha kwanza chatoa 37, kisha 10, kisha 1. Kigawo cha pili chatoa 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja, na mizani imekaa sawa. Haitoshi kuwa burhani, kwani majibu mengi ya uongo nayo hupita katika mizani hiyo, lakini aliyeishika kalamu akaipima ameanza kuionja kazi yenyewe.

### Sataranji yenye nyumba 67

Wengi wetu tulisimuliwa utotoni hekaya ya yule mwenye hekima aliyemwomba mfalme ujira wa nafaka: punje moja katika nyumba ya kwanza ya ubao wa sataranji, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, na hivyo kuzidi maradufu mpaka nyumba ya 64. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa falaki na hesabu aliyeishi yapata miaka elfu iliyopita, aliifanya hesabu hiyo akapata jumla ya punje 18,446,744,073,709,551,615, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 64, kasoro 1.

Uongeze ubao huo nyumba tatu, na jumla ya punje zote itakuwa ndiyo nambari ya Cole. Ni nambari ya asili nyepesi kabisa, izaliwayo kwa kuzidisha maradufu tu, na aliye na saa moja aweza kuiandika yote bila kitabu. Ajabu yake ni kwamba kitu chepesi namna hiyo kukijenga kilikuwa kigumu kiasi kile kukibomoa.

Nambari za jamii hii, yaani 2 kwa kipeo fulani kasoro 1, zilitukuzwa tangu zama za Wagiriki kwa sababu ya nambari zile wanazoziita timilifu, ambazo vigawo vyake, mbali na nambari yenyewe, vikijumlishwa huirudisha nambari ileile. Sita ni timilifu, kwa kuwa 1 na 2 na 3 ni 6. Na 28 ni timilifu, kwa kuwa 1, 2, 4, 7 na 14 jumla yake ni 28. Euclid alithibitisha kwamba kila ipatikanapo nambari tasa katika jamii hii, hapo hapo huzaliwa nambari timilifu. Karne nyingi baadaye Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, akadai kinyume chake pia, kwamba timilifu zote za shufwa asili yao ni hiyo. Na Leonhard Euler ndiye aliyeikamilisha burhani katika karne ya 18.

Kwa hiyo swali likawa moja: ni vipeo vipi vizaavyo tasa? Kipeo 2 huzaa 3, kipeo 3 huzaa 7, kipeo 5 huzaa 31, kipeo 7 huzaa 127, na zote ni tasa. Mtu angefikiri kwamba kipeo tasa daima huzaa tasa, lau si kipeo 11, kizaacho 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyekuwa kiungo cha wanachuoni wa Ulaya nzima kwa barua zake, alichapisha orodha. Alisema kwamba kwa vipeo visivyopita 257, vizaavyo tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, basi. Hakutoa burhani, wala hakuna aliyeweza kumdai. Yeye mwenyewe alikwisha kiri kwamba umri wote wa ulimwengu hautoshi kuibainisha nambari ya tarakimu 15 au 20 kama ni tasa au siyo.

Nambari izaliwayo na kipeo 67 ina tarakimu 21. Ikakaa katika orodha ile kwa heshima ya aliyeiandika.

### Hukumu bila ushahidi wa vipande

> Lucas aliivua nambari ile cheo cha utasa, lakini hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja.

Aliyeitikisa kwanza orodha ya Mersenne ni Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, aliyeonyesha mwaka 1876 kwamba nambari ya kipeo 67 si tasa. Mwaka huohuo alithibitisha kwamba ile ya kipeo 127, yenye tarakimu 39, ni tasa kweli, nayo ikabaki kuwa tasa kubwa kupita zote zilizojulikana mpaka mwaka 1951. Alilolifanya juu ya 67 lataka maelezo, maana kwa akili ya kawaida laonekana muhali: mtu awezaje kuapa kwamba nambari ina vigawo, ilhali hakijui hata kimoja?

Njia yake, iliyosafishwa na Derrick Lehmer wa Marekani mwaka 1930, ni nyepesi kuisimulia. Anza na 4. Izidishe kwa nafsi yake, toa 2, uligawe jibu kwa nambari unayoichunguza na uchukue baki peke yake. Kisha baki hilo ulifanyie vivyo hivyo, na linalofuata vivyo hivyo. Kipeo kikiwa 5, rudia mara 3. Kikiwa 11, rudia mara 9. Daima mara mbili pungufu ya kipeo. Baki la mwisho likiwa sifuri, nambari ni tasa. Likiwa kitu kingine chochote, si tasa.

Tuijaribu 31, ambayo kipeo chake ni 5. Kutoka 4 twapata 14. Kutoka 14 twapata 194, na baki lake kwa 31 ni 8. Kutoka 8 twapata 62, na baki lake ni sifuri. Basi 31 ni tasa, nasi hatukujaribu kuigawanya kwa 2 wala 3 wala 5.

Sasa 2,047, ambayo kipeo chake ni 11. Mabaki yafuatana hivi: 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, na la tisa ni 1,736. Si sifuri, kwa hiyo 2,047 si tasa. Na azitazame msomaji nambari hizo kwa makini, aone kama 23 au 89 zimejitokeza popote. Hazimo. Hesabu imetoa hukumu kwamba kitu hiki kimeundwa kwa viungo, na imenyamaza kabisa juu ya viungo vyenyewe ni vipi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa nambari yetu tangu 1876. Kwa njia hiyo ya Lehmer yahitaji marudio 65, kila mara nambari ya tarakimu ishirini na zaidi ikizidishwa kwa nafsi yake, na mwishoni baki halikuwa sifuri. Mersenne akawa amekosea. Baadaye ikabainika kwamba alikosea pia katika 257, na kwamba alizisahau 61, 89 na 107. Lakini hayo si ya kumlaumia sana mtu aliyekuwa akipapasa gizani bila zana.

### Jumapili za miaka mitatu

Wanahisabati waligawanyika juu ya kilichosalia. Wako walioona kwamba shauri limekwisha: swali lilikuwa kama nambari ni tasa, nalo limejibiwa kwa burhani, na kuvitafuta vigawo ni kujichosha kwa kitu kisichoongeza elimu. Hoja hii ina nguvu, na ilikuwa na mababu zake. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811, baada ya Euler kuthibitisha kwamba nambari ya kipeo 31 ni tasa, kwamba timilifu izaliwayo nayo huenda ikabaki kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa, madhali vitu hivi ni vya kustaajabiwa tu pasi na manufaa, na hakuna atakayejisumbua kuvuka hapo.

Upande wa pili walijibu kwamba burhani ya Lucas, kwa ubora wake wote, ina ila moja. Mtu akishaifanya kwa mkono, mwingine hawezi kuihakiki isipokuwa kwa kuirudia yote tangu mwanzo, na kosa la tarakimu moja katikati ya safari huiharibu hukumu nzima pasipo kuacha alama. Vigawo vikitajwa, kuzidisha mara moja kwamaliza ubishi. Nami nauona upande huu kuwa na haki zaidi: elimu iwezayo kukaguliwa na mwanafunzi wa darasa la saba kwa kalamu yake ni elimu imara kuliko ile inayomtaka amwamini bingwa.

Cole alikuwa wa upande huo kwa vitendo. Bell anasema alipomwuliza baadaye imemchukua muda gani, alijibiwa kwamba ni Jumapili za miaka mitatu. Tuyapime maneno hayo kwa hesabu, maana ndani yake mna jambo kubwa.

Pierre de Fermat alikwisha gundua mwaka 1640 kwamba kigawo tasa cha nambari ya jamii hii hakiwezi kuwa chochote tu: kwa kipeo 67, ni lazima kiwe nambari igawanyikayo kwa 134 bila baki, ukiongeza 1. Na kweli, kigawo cha kwanza cha Cole ni 134 mara 1,445,580, ongeza 1; cha pili ni 134 mara 5,685,360,129, ongeza 1. Kanuni nyingine yataka kigawo hicho, kikigawanywa kwa 8, kibakize 1 au 7. Cha kwanza hubakiza 1 na cha pili 7. Kwa kanuni hizo mbili, tasa zote zistahilizo kujaribiwa mpaka kufikia kigawo kile kidogo ni yapata 80,000.

Mtu afanyaye kazi saa nane kila Jumapili, na kuigawanya nambari ya tarakimu 21 mara moja kila dakika kumi bila kukosea, huzijaribu 48 kwa siku. Tasa 80,000 zingemchukua zaidi ya miaka thelathini. Cole, basi, hakushinda kwa subira peke yake. Alikusanya nambari ndogo zilizo mabaki ya vipeo vya pili kwa nambari ile kubwa, yaani yale yabakiyo nambari fulani ikizidishwa kwa nafsi yake na zao likagawanywa kwa ile kubwa, na kila moja aliyoipata ikawa chekeche lililoondoa karibu nusu ya kikosi kilichosalia, mpaka wakabaki wachache wa kujaribiwa mmoja mmoja. Haya ndiyo yaliyomo katika makala yake, nayo yafaa kukumbukwa zaidi ya ukimya wake mbele ya ubao, kwa sababu mbinu za leo za kuvunja nambari kubwa zimejengwa juu ya mabaki ya vipeo vya pili.

Alifariki mwaka 1926, na Jumuiya aliyoitumikia ukatibu kwa robo karne huitoa mpaka leo tuzo yenye jina lake kwa kazi bora za aljebra na za elimu ya nambari.

### Mwanya uliogeuka kufuli

> Kuzidisha ni kazi ya dakika chache. Kurudi ulikotoka kwaweza kupita umri wa mwanadamu.

Mwingereza G. H. Hardy aliandika mwaka 1940, vita vikiwa vimewaka, kwamba alifarijika kuona elimu ya nambari iko mbali na matumizi ya vita. Hakuishi kuona yaliyofuata. Mwaka 1977 wataalamu watatu wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walitunga njia ya kuficha maandishi iliyoitwa RSA kwa herufi za majina yao. Na mwaka 1997 ikadhihirika kwamba Clifford Cocks, mtumishi wa idara ya siri ya Uingereza, alikwisha ifikiria mwaka 1973 akaamriwa kunyamaza.

Mwenye kutaka kupokea siri huchagua tasa mbili kubwa, akazizidisha, akalitangaza zao lake kwa ulimwengu. Yeyote mwenye kulijua zao aweza kuyafunga maandishi. Awezaye kuyafungua ni yule tu azijuaye zile tasa mbili. Ni kufuli ambalo mpita njia yeyote aweza kulibana, na mwenye ufunguo peke yake ndiye alifunguaye.

Tazama ni kitu gani kilichofanywa ulinzi hapa. Kila mtu ajua kwamba nambari iliyotangazwa si tasa, na wala hapana anayeficha hilo. Kilichofichwa ni vipande vyake. Hali ileile iliyokuwa aibu ya wanahisabati kwa miaka 27, tangu Lucas mpaka Cole, ndiyo iliyogeuzwa kuwa ngome. Mtu wa Mombasa au Muscat afunguapo tovuti ya benki yake, akaiona ile alama ndogo ya kufuli, mara nyingi saini inayomhakikishia kwamba hii ndiyo benki yenyewe imesimama juu ya nambari ya namna hiyo, yenye tarakimu 617.

Wabunifu wa RSA walitoa changamoto mwaka huohuo wa 1977 katika jarida la *Scientific American*: nambari ya tarakimu 129, na dola 100 kwa atakayelifumbua fumbo lililofungwa kwayo. Rivest alikadiria kwamba kazi hiyo ingehitaji mamilioni mengi ya miaka. Mwaka 1994 watu wa kujitolea wapatao 600, waliotawanyika duniani na kuunganishwa kwa intaneti, waliivunja kwa muda wa miezi minane hivi. Mwaka 2020 ikavunjwa nyingine yenye tarakimu 250. Ama nambari ya Cole, kompyuta ya kawaida leo huichambua chini ya sekunde moja.

### Hakuna aliyethibitisha ugumu

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui, nami nadhani wanapaswa kulijua. Mwaka 2002 Wahindi watatu wa Kanpur, Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, walithibitisha kwamba kuibainisha nambari yoyote kama ni tasa ni kazi iwezekanayo kwa muda usiopanda kupita kiasi kadiri nambari ikuavyo. Kwa kuvitafuta vigawo, hakuna njia kama hiyo ijulikanayo kwa kompyuta tulizo nazo. Lakini vilevile hakuna aliyeleta burhani kwamba njia hiyo haipo. Tumeweka amana zetu juu ya ugumu ambao umehisiwa na kila aliyejaribu, na haujathibitishwa na yeyote.

Fauka ya hayo, mwaka 1994, uleule ilipovunjwa nambari ya tarakimu 129, Peter Shor wa Marekani alionyesha kwamba kompyuta ya namna nyingine, iendeshwayo kwa kanuni za fizikia ya kwanta, ingeweza kuvipata vigawo upesi. Mashine ya kutosha kwa kazi hiyo haijaundwa. Mwaka 2001 maabara moja ilifaulu kuivunja 15 kuwa 3 mara 5, na tangu hapo maendeleo yamekuwa ya polepole.

Basi watu wamegawanyika upya. Kundi moja lataka kufuli zote zibadilishwe mapema, na mwezi wa Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza viwango vitatu vya kwanza vya njia mpya zisizotegemea vigawo hata kidogo. Hofu yao kubwa ni mwizi mwenye subira: adui aweza kuyakusanya leo maandishi yaliyofungwa, akayaweka ghalani, akangoja mpaka mashine ipatikane, akayafungua yote kwa mkupuo.

Kundi la pili lasema kwamba kuhama kuna gharama kubwa, na kwamba njia mpya hazijapigwa na jua la miaka mingi kama vigawo, vilivyoshambuliwa na akili bora tangu enzi za Fermat. Ushahidi wanao. Mwaka 2022 njia iliyoitwa SIKE, iliyokuwa imevuka duru kadhaa za uchunguzi wa taasisi hiyohiyo, ilivunjwa na watafiti wawili wa Leuven, Ubelgiji, kwa kompyuta ya kawaida katika muda wa saa moja hivi.

Nimeyapima maneno ya pande zote mbili, nami naegemea upande wa wanaotaka kuhama, kwa sharti kwamba kufuli la zamani lisiondolewe siku lile jipya litiwapo, bali yote mawili yafungwe pamoja mpaka jipya litakapozeeka kwa heshima. Fedha iliyotumwa leo mchana haina siri ya kulindwa miaka thelathini. Lakini faili la mgonjwa, shahada ya kuzaliwa, alama za vidole zilizochukuliwa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, hivi vyaishi muda wote aishio mwenyewe. Kenya imejitungia sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na Tanzania tangu 2022; na sheria inayomwamuru mtunzaji azilinde taarifa haiwezi kuhesabiwa kuwa imetimizwa iwapo ulinzi wenyewe una tarehe ya kwisha ambayo hakuna aijuaye.

### Jirani wa 1,279

Mwaka 1952 Raphael Robinson alizijaribu nambari za jamii ya Mersenne kwa mashine iitwayo SWAC iliyokuwa Los Angeles, akagundua tasa mpya tano. Moja yao ni ya kipeo 1,279. Jirani yake, ya kipeo 1,277, ilishindwa mtihani uleule: si tasa.

Ina tarakimu 385. Njia ya Lucas ilikwisha ihukumu, na hukumu imerudiwa kwa mashine baada ya mashine. Leo hata simu ya mfukoni yaweza kuitoa. Lakini vigawo vyake havijapatikana. Miongoni mwa nambari zote za jamii hii zijulikanazo kwamba si tasa, hiyo ndiyo ndogo kuliko zote ambayo hakijatajwa hata kigawo chake kimoja, na imekwisha kaa katika hali hiyo kwa muda mrefu kuliko ile ya kipeo 67 ilivyokaa baina ya Lucas na Cole.

Wakati huohuo wawindaji wa tasa wamekwenda mbali sana nayo. Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Luke Durant wa Marekani, akishirikiana na watu wa mradi wa kujitolea wa GIMPS ulioanzishwa mwaka 1996, ameipata tasa ya kipeo 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320. Tarakimu milioni 41 zimekubali kusema kama ni tasa; tarakimu 385 hazijakubali kuvitaja vipande vyake.

Kigawo cha nambari ya kipeo 1,277, kama kanuni ya Fermat ilivyo, ni lazima kiwe nambari igawanyikayo kwa 2,554 bila baki, ukiongeza 1. Vilivyo vidogo vimekwisha jaribiwa vyote, kwa hiyo vilivyojificha ni virefu sana. Wako watu katika nchi mbalimbali wanaoziacha kompyuta zao zikivitafuta usiku na mchana kwa programu isiyouzwa, ambayo mtu yeyote aweza kuichukua na kuitia katika mashine yake, akaipa kipeo hicho, na kuiacha ifanye kazi.